Kupima nguvu ya theluji: tabaka dhaifu ndilo linaloamua

Anayeuliza theluji ina nguvu kiasi gani hana budi aseme kwanza anauliza kuhusu tabaka lipi, mzigo unaokuja kwa kasi gani, na saa gani ya siku. Theluji ya mlimani hulala matabaka kwa matabaka: kila dhoruba na lake, kila upepo na lake. Katika kina cha mita moja na nusu unaweza kukuta bamba linalobeba mtu mzima bila kubonyea, na chini yake utepe wa milimita tano unaobomoka kwa kuguswa na ncha ya kidole. Wastani wa hayo mawili haumsaidii mtu. Maporomoko ya theluji huanzia kwenye ule utepe, kwa hiyo ustadi wote wa kazi hii ni kuupata, kuupima bila kuuharibu, na kuandika ulichokiona kwa namna ambayo mwenzako wa bonde la pili ataielewa.

Haya yanahusu milima yenye majira marefu ya baridi: Alpi za Uswisi na Austria, na Milima ya Rocky ya Kanada na Marekani. Kibo na Mlima Kenya vina barafu, na theluji huja na kuondoka, lakini kazi ya kuchimba shimo na kupima tabaka moja baada ya jingine ilikulia hasa Davos, mji wa Uswisi, ambako watafiti walipanda Weissfluhjoch, mlima ulio juu ya mji huo, katika miaka ya 1930. Kiwanja chao cha vipimo, mita 2,536 juu ya usawa wa bahari, kimekuwa na kumbukumbu za theluji tangu 1936. Siku hizi wapo Waswahili wanaofanya kazi kwenye vituo vya skii vya huko, na wapo wanaopanda kwa mapenzi tu. Kwao hasa tunaandika.

Ugumu wa kwanza uko kwenye theluji yenyewe. Chuma hupimwa kikiwa mbali sana na joto lake la kuyeyukia. Theluji yenye nyuzijoto −5 iko kwenye kelvini 268, na barafu huyeyuka kwenye 273, yaani ile theluji unayoiona baridi kabisa iko kwenye asilimia 98 ya joto lake la kuyeyukia. Kwa sababu hiyo chembe zake hazitulii. Zinapogusana huota viungo vya barafu kati yake, na viungo hivyo hunenepa saa baada ya saa. Theluji iliyovurugwa huanza kukaza ndani ya dakika chache. Waokoaji wanalijua hili vizuri: rundo la theluji lililosimama baada ya maporomoko halichimbiki kwa mikono mitupu. Ndiyo maana hatupimi mahali palipopitiwa na skii au viatu, wala hatutumii ukuta wa shimo la jana bila kuukata upya mpaka tufikie theluji ambayo hewa haijaigusa.

Kasi nayo ina uzito wake. Ukiisukuma theluji polepole inanyumbuka, kwa sababu viungo vinavyovunjika vinafidiwa na vinavyoota. Ukiisukuma haraka inakatika ghafla. Mpaka wa tabia hizi mbili uko karibu na pale theluji inapofinywa kwa sehemu moja ya elfu ya urefu wake kila sekunde. Mtu anayekatiza mteremko kwa skii anapakia mzigo upande ule wa haraka, ilhali dhoruba ya siku mbili inapakia upande wa polepole. Vipimo vyote vya shambani tunavyovieleza hapa vimekusudiwa upande wa haraka, na kosa la kawaida la mgeni ni kuvuta au kusukuma taratibu akidhani ndio uangalifu.

Sasa shimo. Chagua mteremko unaoelekea upande uleule wa jua na upepo kama ule unaoutilia shaka, lakini wenyewe uwe mfupi na usio na genge chini yake. Mabamba mengi hukatika kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45. Kwa kuchimba, mahali salama pa digrii 30 hivi panatosha, na baadhi ya vipimo hukubali hata ardhi tambarare. Kaa mbali na miti, kwa sababu theluji inayodondoka matawini huvuruga matabaka. Kabla ya kutia beleshi, choma ufito sehemu kadhaa kuzunguka hapo. Ukigonga jiwe au kichaka kwenye sentimita 60 na jirani yake sentimita 140, hama. Shimo juu ya jiwe litakusimulia habari za jiwe. Usichimbe peke yako, na kila mmoja avae redio yake ya kutafutiana chini ya theluji, ikiwa imewashwa.

Upana wa mita moja na nusu hadi mbili unatosha. Udongo wa kazi hii ni theluji, na inatupwa upande wa chini tu. Upande wa juu, pale ukuta utakapokatwa, hapakanyagwi hata kwa goti. Kina cha mita moja na nusu kinashughulikia karibu kila kitu ambacho uzito wa mtu unaweza kukifikia. Ukuta wa kupimia uwe kivulini, maana dakika kumi za jua la Machi zinatosha kulainisha juu ya ukuta na kukudanganya. Ukate wima kwa ubapa wa beleshi, kisha uukwangue mpaka uwe laini bila michirizi.

Soma joto kwanza, kabla ya yote mengine. Kipimajoto kiwekwe kivulini, kichomwe kila sentimita 10 kuanzia juu, na kingoje kitulie. Tofauti ya joto kati ya kina na kina inakuambia theluji inaelekea wapi. Ikizidi nyuzi 10 kwa mita, mvuke unapanda kwa nguvu, chembe zinapoteza viungo na kuota pembe, na tabaka linakuwa kama sukari: ukilikamata linamiminika kati ya vidole. Tofauti ikiwa ndogo, chembe zinaviringana na kushikana.

Kutafuta tabaka dhaifu kunafanywa kwa mkono kuliko kwa macho. Chukua kadi ya plastiki, hata ya benki, ushike ukingo wake kwa wepesi na uuteremshe ukutani kutoka juu hadi chini kwa mwendo mmoja. Mkono unasikia: hapa kadi inasita, hapa inateleza, hapa ghafla inazama. Rudia mara tatu mahali tofauti. Kisha chukua brashi laini ya rangi, ya upana wa vidole vinne, upige ukuta kwa mlalo, viboko vyepesi vya urefu sawa. Theluji laini inaliwa na brashi, ngumu inabaki imechomoza. Baada ya dakika moja ukuta uliokuwa mweupe mtupu unaonyesha ngazi na mifereji, na mfereji mwembamba uliopita chini ya bamba nene ndio unaoutafuta. Uinamie kwa lenzi ya kukuza mara nane au kumi, na umwage chembe zake juu ya kadi nyeusi yenye miraba ya milimita. Sakitu iliyofukiwa, yaani mvuke ulioganda juu ya theluji kisha ukafunikwa, huonekana kama vibapa vilivyosimama wima, mara nyingine milimita 5 au zaidi. Tabaka la namna hiyo lina nguvu kiasi kwa mzigo wa kugandamiza, na udhaifu mkubwa likisukumwa kwa pembeni.

Kipimo cha kwanza cha nguvu ni mkono ndani ya glovu. Unasukuma ngumi kwenye tabaka, sambamba na tabaka lenyewe. Ikiingia, tabaka ni laini sana. Isipoingia, jaribu vidole vinne vilivyoungana, kisha kidole kimoja, kisha penseli, kisha kisu. Kisu kikikataa, hiyo ni barafu. Jambo ambalo watu wanalipuuza ni kwamba unasukuma kwa kani ileile kila mara, nyutoni 10 hadi 15. Zoezi letu kwa wanaoanza ni mizani ya jikoni: bonyeza kwa ngumi mpaka isome kati ya kilo 1 na 1.5, kisha kwa kidole mpaka isome hivyohivyo, na urudie mpaka mkono uzoee. Mtu mwenye misuli asiyefanya zoezi hili atakuandikia vidole vinne mahali palipo na kidole kimoja, na wasifu mzima wa shimo utaonekana laini kuliko ulivyo. Tofauti kati ya tabaka na jirani yake ina maana zaidi kuliko namba yenyewe. Bamba la kidole kimoja lililokalia tabaka la ngumi ni habari ya kutisha kuliko theluji iliyo laini kuanzia juu hadi chini.

Densiti hupimwa kwa kisanduku chenye ujazo unaojulikana. Kwa kisanduku cha sentimita za ujazo 100, gramu mara kumi ndiyo kilo kwa mita ya ujazo: gramu 24 ni 240. Kisukume taratibu bila kushindilia, kata mdomo wake kwa kibapa, futa theluji iliyong'ang'ania nje, pima. Chukua mbili kwa kila tabaka. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, chukua ya tatu. Mizani ya betri hudhoofika kwenye baridi, basi iweke ndani ya koti mpaka utakapoihitaji, na iwe mahali pasipo upepo. Theluji mpya huwa kati ya 50 na 100, bamba la upepo kati ya 200 na 350, na barafu tupu ni 917. Unaihitaji densiti ili kujua mzigo, lakini usiifanye kipimo cha nguvu. Bamba la upepo lenye 250 na theluji ya sukari yenye 250 zina uzito mmoja, na ya kwanza unaweza kuikata matofali huku ya pili haishikiki hata konzi. Kinachozitenganisha ni viungo kati ya chembe, na mizani haivioni.

Kifaa cha zamani cha kupimia ukinzani ni ramsonde, kilichotengenezwa na mhandisi Robert Haefeli katika miaka ile ya 1930. Ni bomba lenye ncha ya koni ya digrii 60, kipenyo cha sentimita 4, ambalo juu yake huchomekwa fimbo ya kuongozea nyundo. Watu wawili wanatosha: mmoja anashika bomba liwe wima na kuhesabu, mwingine anainua nyundo na kuiachia. Kwanza bomba linaachwa lizame kwa uzito wake peke yake, unaandika. Linawekwa nyundo juu bila kuidondosha, unaandika. Ndipo unaanza kudondosha kutoka urefu uliouchagua, na kila mwendo wa kuzama ukibadilika unaandika idadi ya mapigo, urefu wa kudondosha na sentimita zilizozama. Hesabu yake ni hii: uzito wa bomba, jumlisha uzito wa nyundo, jumlisha (uzito wa nyundo mara mapigo mara urefu wa kudondosha, gawanya kwa sentimita zilizozama). Tuseme bomba ni kilo 1, nyundo kilo 1, mapigo 5 kutoka sentimita 20, limezama sentimita 4. Unapata 1 + 1 + 25, yaani kilo 27, karibu nyutoni 270. Ukirudi kwenye kipimo cha mkono, hapo ni pa kidole kimoja, ambacho huanzia nyutoni 175 hadi 390.

Makosa ya ramsonde yanajirudia. Anayeshika bomba hulisindikiza kwa mkono bila kujijua. Bomba la pili linaungwa na mtu anasahau kuongeza kilo yake kwenye hesabu. Bomba linainama, likaanza kusuguana na ukuta wa tundu lake, na theluji ya chini ikaonekana ngumu bure. Kwenye theluji mpya bomba linazama lenyewe sentimita 30 na hakuna cha kuandika. Hapo inahitajika bomba na nyundo nyepesi zaidi. Kasoro kubwa kuliko zote haitokani na mtumiaji: ncha yenye upana wa sentimita 4 inapita utepe wa milimita tano bila kuuhisi. Ramsonde inafaa sana kufuatilia jinsi theluji ya bonde zima inavyokaza msimu mzima, na haifai kukuambia kama bamba la leo litakatika.

Pengo hilo lilizibwa na SnowMicroPen, iliyoelezwa na Martin Schneebeli na Jerome Johnson mwaka 1998. Ncha yake ina kipenyo cha milimita 5, mota inaisukuma milimita 20 kwa sekunde, na kani inasomwa kila mikrometa 4. Utepe mwembamba unaonekana waziwazi kwenye mchoro. Ni kifaa cha gharama na cha watafiti. Ukikipeleka shambani, tazama ncha kila baada ya kipimo: unyevu ukiganda kwenye kiungo cha ncha, namba zinaanza kupanda au kushuka taratibu hata ncha ikiwa hewani, na kipimo hicho ni cha kutupwa.

Kipimo kinachotoa namba ya nguvu ya tabaka dhaifu moja kwa moja ni fremu ya chuma, bati jembamba lenye pande nne na vigawanyo ndani, eneo lake kwa kawaida sentimita za mraba 100 au 250. Ondoa bamba kutoka juu mpaka ubakize sentimita chache juu ya utepe. Sukuma fremu ishuke mpaka makali yake yabaki milimita chache tu juu ya utepe, bila kuugusa. Kata theluji inayozunguka fremu kwa kibapa chembamba. Nasa ndoano ya kipimo cha kani kinachoshika kilele, yaani kani kubwa kuliko zote iliyofikiwa, kisha vuta sambamba na mteremko, kwa mwendo mmoja, pakatike ndani ya sekunde moja. Geuza fremu utazame chini yake. Uso uwe bapa na safi. Ukiwa na shimo au kipande cha tabaka jingine, futa kipimo hicho. Rudia, mara kumi au kumi na mbili, maana kipimo kimoja hakina thamani.

Kilele kikiwa nyutoni 30 kwa fremu ya sentimita za mraba 250, ambazo ni mita za mraba 0.025, nguvu ni paskali (nyutoni kwa mita ya mraba) 1,200. Hata hivyo fremu ndogo hukuza nguvu, kwa kuwa eneo kubwa lina nafasi zaidi ya kuwa na kasoro ndani yake. Kwa fremu hii huzidishwa kwa 0.65, tunabaki na 780. Sasa tazama mzigo. Bamba la densiti 200 lenye kina cha wima cha nusu mita kwenye mteremko wa digrii 38 linasukuma utepe kuelekea chini ya mteremko kwa 200 × 9.81 × 0.5 × sin 38 × cos 38, ambayo ni paskali 476. Uwiano wa nguvu kwa mzigo ni 1.6. Wapo wanaofika hapa wakashusha pumzi, na hawapaswi. Mtu hajahesabiwa bado juu ya bamba, na fremu imepima mahali padogo kuliko ukurasa wa gazeti kwenye mteremko wa maelfu ya mita za mraba.

Kuna sababu nyingine ya kutoridhika na uwiano huo, nayo ndiyo iliyobadilisha kazi hii katika miaka ya 2000. Bamba halikatiki lote kwa mpigo mmoja. Utepe hubomoka mahali fulani, bamba la juu yake linashuka milimita chache, na kushuka huko kunabomoa jirani yake, ufa unasambaa kwa makumi ya mita kwa sekunde. Mwaka 2008 Joachim Heierli na wenzake walionyesha kwa hesabu jinsi kubomoka huku kunavyousukuma ufa hata kwenye ardhi tambarare, jambo ambalo kila aliyewahi kusikia theluji ya uwanda ikitoa mlio mzito na kushuka chini ya miguu alikuwa analifahamu mwilini. Basi kuna nguvu ya kuanza na kuna urahisi wa kusambaa, na ni vitu viwili. Vipimo vya nguzo vinajaribu kuvitenganisha.

Nguzo fupi, CT (kwa Kiingereza compression test), ni ya sentimita 30 kwa 30, iliyotengwa pande zote nne kwa msumeno au kamba yenye mafundo mpaka chini ya utepe, isizidi kina cha mita 1.2 hivi. Beleshi linalazwa juu likiwa bapa kabisa. Mapigo 10 ya kwanza ni ya ncha za vidole, kiungo kikizunguka kwenye kifundo cha mkono. 10 yanayofuata kutoka kwenye kiwiko. 10 ya mwisho kutoka begani. Mkono unaanguka kwa uzito wake, hausukumwi. Andika pigo lililokata: 1 hadi 10 ni rahisi, 11 hadi 20 ni wastani, 21 hadi 30 ni ngumu. Andika pia namna lilivyokatika. Kipande kilichochomoka ghafla na uso bapa, au utepe ulioporomoka kwa mara moja, ni ishara mbaya kuliko namba inavyosema. Kilichobonyea polepole pigo baada ya pigo, au kilichovunjika kwa uso wenye mabonde, kinapunguza wasiwasi. Uongo mwingi wa kipimo hiki unatoka nyuma ya nguzo: mpimaji amekata pande tatu anazoziona, wa nne umebaki umeshikana sentimita kadhaa chini, nguzo inapata pigo la 25 na watu wanapanda.

Nguzo ndefu, ECT (extended column test), waliyoieleza Ron Simenhois na Karl Birkeland mwaka 2006, ina sentimita 30 kwenda juu ya mteremko na 90 kwa upana. Mapigo ni yaleyale, ila beleshi linalazwa kwenye ncha moja tu. Swali ni kama ufa utavuka mpaka ncha ya pili. Ukivuka nguzo nzima kwa pigo lileile lililouanzisha au linalofuata tu, ni P. Ukianza na kuishia njiani, ni N. Usipoanza kabisa hata kwa mapigo 30, ni X. Hapa anahitajika mtu wa pili. Anayepiga ahesabu kwa sauti; mwenzake apige magoti, macho yake yawe usawa wa utepe, baada ya kuupitisha brashi ili mstari uonekane. Ufa unapita kwa kufumba na kufumbua, na anayepiga hauoni. Utepe ukiwa ndani sana, karibu mita moja au zaidi, mapigo hayaufikii, na X unayopata haimaanishi usalama. Vilevile bamba laini mno huachia beleshi lizame, na nguvu yote ya pigo ikaishia kwenye theluji ya juu.

Kwa utepe wa ndani tunatumia msumeno, PST (propagation saw test), kipimo kilichoendelezwa katikati ya miaka ya 2000 Kanada, na Dave Gauthier na Bruce Jamieson, na pia Uswisi. Nguzo ina upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 1 kwenda juu ya mteremko. Bamba likiwa nene kuliko mita 1, urefu wa nguzo unalingana na unene wake. Ukate nyuma na pembeni mpaka chini ya utepe. Uchore mstari wa utepe kwa brashi upande wote. Kisha ingiza msumeno kwa upande wake usio na meno, kuanzia ncha ya chini, uuvute kuelekea juu ya mteremko kwa sentimita 10 hadi 20 kwa sekunde, ukifuata mstari. Wakati fulani ufa utakimbia mbele ya msumeno. Simama, pima umekata sentimita ngapi. Ukikata chini ya nusu ya nguzo na ufa ukafika mwisho, kusambaa ni kwa hatari. Ufa unaweza pia kuishia njiani, au bamba lenyewe likakatika kwa wima juu ya msumeno. Linaloharibu kipimo ni msumeno kuhama utepe: ukipanda milimita chache ukaingia kwenye bamba gumu, mkono unausikia ukizito, na hapo anza nguzo mpya. Kasoro yake ya asili ni kwamba hakisemi kama mtu juu ya theluji anaweza kuuanzisha huo ufa. Wewe ndiye umeuanzisha kwa chuma.

Jeshi la Uswisi lina kipimo chake cha miaka ya 1960, kitalu cha theluji cha mita 2 kwa 1.5 ambacho mtu mwenye skii anakikanyaga na kukirukia. Kinapima eneo kubwa na ni kizuri kwa hilo. Kinakula muda.

Theluji yenye maji ni habari nyingine. Ikifika nyuzi 0, maji yanalegeza viungo, na nguvu iliyopimwa asubuhi ukoko ukiwa umeganda inaweza kuwa imetoweka mchana. Finyanga konzi kwa glovu: ikikataa kushikana ni kavu, ikishikana ni nyevu, maji yakionekana kwa lenzi ni mbichi, yakichuruzika ni mbichi sana. Ukiona maji yamefika kwenye utepe, funga vifaa uondoke. Nguzo hazina la kukuongezea.

Shimo moja halitangazi usalama. Nguvu ya tabaka lilelile hubadilika ndani ya mita chache, na tumezoea kuyapa uzito mashimo yenye majibu mabaya kuliko yenye majibu mazuri. Maporomoko mapya upande uleule, nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ncha ya skii, au ule mlio mzito wa kushuka, vikionekana, hakuna namba ya shimoni inayovifuta.

Kuandika kunamaliza kazi. Weka tarehe, saa, mwinuko, mwelekeo wa mteremko na digrii zake, hali ya anga, joto la hewa, na jina la kipimo. Useme waziwazi kama unahesabu kutoka juu ya theluji au kutoka ardhini, maana "sentimita 62" ya mmoja si ya mwingine, na timu inayorudi kesho itatafuta utepe mahali usipo. Mstari mmoja mzuri unasomeka hivi: PST 38/100 (msumeno umekata sentimita 38 kati ya 100), ufa umefika mwisho, sentimita 62 kutoka juu, sakitu ya milimita 4, bamba la kidole kimoja, ukuta kivulini, saa 4 asubuhi.